Magurudumu ya Mti ya Baba Mkwe

Watu wakitaka kunifariji huniambia kwamba baba mkwe wangu alikuwa mtu mwenye msimamo. Siwabishii. Hata jiwe lina msimamo. Alikuwa na gari moja kuukuu la tangu kabla ya vita, jeusi, refu, lenye paa la turubai, na magurudumu yake yalikuwa ya mti. Ringi ilikuwa ya chuma na tairi lilikuwa la mpira, lakini kutoka katikati kwenda pembeni vilitoka vijiti vya mti mgumu, vinene, vimechongwa vizuri kama miguu ya kitanda, na hivyo ndivyo vilivyobeba gari zima pamoja na watu wake. Miaka ile ya hamsini magari yote mengine yaliyopita Mbeya yalikuwa na magurudumu ya chuma. Lake peke yake ndilo lililolia njiani kama mlango wa ghala.

Aliachiwa gari hilo na Mzungu ambaye yeye alikuwa dereva wake kule Lupa enzi za dhahabu. Mzungu akaenda vitani, hakurudi. Tangu hapo baba mkwe hakubadilisha kitu. Honi ya kubinya, taa za shaba, viti vya ngozi vilivyopasuka mpaka manyoya ya ndani yakachungulia, vyote vilibaki kama vilivyoshuka melini, na habari hiyo aliisema sokoni, kanisani na hata msibani. "Skrubu moja sijagusa," alikuwa akisema. Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi sana. Sikumwona akisema, kwa sababu miaka yote niliyokaa nyumbani kwake sikuwahi kuuona uso wake.

Hapo lazima nieleze. Mimi ni Mhehe wa Kalenga, na niliolewa na Mnyakyusa aliyekuwa karani Mbeya. Kwao, wakati ule, mkamwana hamwoni baba mkwe wake wala hasemi naye. Akitokea njiani unaruka kwenye mahindi, unajifunika kanga kichwani na kuchuchumaa hadi nyayo zipite. Nyumba aliyomo huingii. Ukiwa na neno unamwambia mama mkwe, naye analipeleka, hata kama mzee amekaa hatua chache kutoka ulipo na masikio yake hayana ugonjwa wowote. Nilimjua kwa viatu vyake na kwa mgongo wake. Ningeonyeshwa migongo ya wazee wote wa Mbeya ningeuchagua wa kwake bila kukosea.

Alikuwa mzee wa kanisa. Kwa ajili ya Injili aliacha pombe, akaacha matambiko, akamwacha hata mke wake mdogo, ambaye alirudi kwao na watoto na masufuria yake wakati wa masika. Mwiko huu wa mkamwana tu ndio hakuuacha, maana mzigo wake niliubeba mimi.

Na magurudumu pia niliyabeba mimi. Mti ukikauka husinyaa, na vijiti vikisinyaa hulegea kwenye matundu yake. Kwa hiyo tangu mvua zilipokatika mpaka ziliporudi, kila jioni, mzee akishaingia ndani kusali, mimi na mama mkwe tulichota maji kwenye kijito kinachoshuka kutoka mlima Loleza, tukayamwagia magurudumu, kisha tukayafunga magunia mabichi kama wagonjwa wa homa. Nyumba nzima tulioga kwa bakuli. Magurudumu yalioga kwa ndoo. Mama mkwe alikuwa na mgongo mbovu, lakini hakunung'unika hata siku moja mbele ya mume wake. Alisubiri apate mtu wa kumnung'unikia, na mtu huyo nilikuwa mimi. "Ukichota polepole namna hiyo," alikuwa akiniambia, "hata mume atakauka."

Mume wangu alijaribu. Nampa haki yake, ni ndogo lakini ni yake. Siku moja alimwambia baba yake kwamba fundi mmoja wa Uhindini alikuwa na magurudumu manne ya chuma, yametoka kwenye gari la aina hiyohiyo lililopinduka njia ya Chunya. Bolti ni zilezile. Ni kufungua na kufunga tu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nikimenya ndizi, nikaacha kumenya ili nisikie vizuri.

"Chuma kikipinda porini utakinyoosha na nini?" baba mkwe aliuliza. "Meno? Kijiti kikivunjika nakata mti, nachonga, naendelea na safari."

"Lakini baba, kila siku vinalegea."

"Hata wewe umelegea, na bado nakuita mwanangu." "Leo mtabadilisha magurudumu. Kesho mtabadilisha taa. Keshokutwa mtataka kumbadilisha mwenye gari. Gari hili litakwenda kama lilivyokuja, au litakaa."

Na mume wangu akalegea kweli, kama alivyoambiwa.

Mwaka huo, kiangazi kikiwa kimekaza, dereva wa lori alileta salamu kutoka kwa kaka yangu aliyekuwa akiishi Kihesa, Iringa mjini. Mama yetu alikuwa mgonjwa Kalenga. Kifua kilikuwa kimembana, hali chakula, na alikuwa akinitaja.

Alikuwa akinitaja! Mama huyu hakuja kwenye harusi yangu. Alisema hawezi kusafiri kwenda kumwona mwanawe akijifunza kujificha vichakani kama digidigi. Nami nilimjibu kwa ukali, maana sisi Wahehe tunasemwa kwa hasira na hatusemwi bure, na tangu siku hiyo hatukuwa tumeonana. Mtoto wangu wa kike, ambaye alikuwa ameshaanza kukimbia na kusema maneno mawili matatu, mama alikuwa hajamwona. Nilitaka jambo moja tu duniani: nimkute mama macho yakiwa wazi, nimwekee mtoto huyo mbele yake. Akishamwona, aseme atakalo.

Mume wangu alisema nipande basi. Baba mkwe akasema, kupitia kwa mama mkwe, kwamba mke wa mwanawe hawezi kubanana na wanaume kwenye basi wakati nyumbani kuna gari. Atanipeleka mwenyewe. Nilijua sababu. Hakuwa amewahi kulifikisha gari lile Iringa, na alitamani kuwaonyesha wakwe zake, watu aliokuwa akiwaita walaji wa mbwa hata mezani, jinsi mtu mzima anavyosafiri. Ugonjwa wa mama yangu ulimpa safari nzuri.

Mume wangu hakuja nasi. Alisema ofisini hawakumpa ruhusa. Baadaye nilisikia kwamba hakuomba. Alichofanya ni kwenda Uhindini kuazima yale magurudumu ya chuma, akayaleta uani yakiwa na matairi yake, akamwomba baba yake ayafunge kwa safari hii tu, kwa kuwa njia ni ndefu na Usangu ni jua tupu. Mzee aliyazunguka. Niliona viatu vyake vikiyazunguka, maana nilikuwa nimeinama chini ya ghala. Akalipiga teke moja polepole.

"Yapakiwe," alisema mwishoni. "Yatasafiri bure."

Mawili yalifungwa nyuma ya gari kwa kamba. Mawili yaliwekwa ndani, mahali pa miguu yangu, na safari nzima nilikaa magoti yakiwa yamenigusa kidevu. Kati ya kiti cha mbele na cha nyuma walining'iniza blanketi la kijivu ili mzee na mimi tusionane. Mbele alikaa yeye na mama mkwe. Nyuma mimi na chuma. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya pande zote mbili, na alipochoka nami alipitishwa juu ya blanketi akaenda kukaa mapajani mwa babu yake, ambako alipewa njugu na kubinya honi. Nilikuwa nikimsikia akicheka huko. Mzee alimpenda mtoto yule, siwezi kumnyima hilo, na ingekuwa heri kwangu kama asingempenda.

Tuliposhuka Chimala joto likatupokea. Vumbi liliingia chini ya blanketi, juu ya blanketi, na nadhani lilipenya katikati ya nyuzi. Magurudumu yakaanza kulia. Kwanza moja, kisha la pili likaitikia, kisha yote manne yakashikana wimbo. Mzee alisimamisha gari kila alipoona mto wenye maji ya kufika magotini, akaliingiza humo, akazima injini, akaacha vijiti vinywe. Yeye alikaa kivulini na kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Mimi nilishushwa kwanza, kanga kichwani, nikapelekwa kichakani pamoja na siafu.

"Mama, tafadhali, muulize baba tutafika lini."

"Anauliza tutafika lini," mama mkwe alisema, bila hata kugeuza shingo.

"Mwambie tutafika tukifika."

"Tutafika tukifika."

Hivyo ndivyo tulivyosafiri, kijito baada ya kijito, huku malori yakitupita na madereva wakicheka. Usiku tulilala Igawa kwa muumini mwenzake. Asubuhi mzee alichelewa kuondoka kwa sababu mwenyeji alitaka kuoneshwa taa za shaba, na zilipokwisha taa akataka kuoneshwa honi.

Tulikuwa tunapanda kuelekea Makambako gurudumu la nyuma lilipokubali kushindwa. Halikupasuka. Lililegea tu, vijiti vikatoka kwenye matundu kimoja baada ya kingine, na gari likakaa upande kama ng'ombe anayelala. Mama mkwe akapiga yowe. Mimi nikaangukia yale magurudumu ya chuma, nikajichubua paja. Nakumbuka kwamba katikati ya maumivu nilifurahi. Nikajiambia, sasa hana ujanja. Dawa ninayo miguuni.

Nilishuka, nikajificha nyuma ya kichuguu kama ilivyonipasa, nikamtuma mama mkwe. "Mwambie baba ya chuma yapo."

"Anasema ya chuma yapo."

"Mwambie nayajua yalipo. Mimi ndiye niliyeyapakia." Hakuyapakia yeye, aliyapakia mwanawe, lakini huo haukuwa wakati wa kusema hayo. Kisha akamwambia mkewe aende kijijini kwenye bonde akatafute ngozi mbichi ya ng'ombe.

Wazee wa porini wanaifahamu kazi hiyo. Unarudisha vijiti mahali pake, unapigilia kabari, unazungushia ngozi mbichi na kuifunga kwa nguvu zako zote, halafu unaiacha juani. Ngozi ikikauka hukaza kuliko waya. Ni kazi nzuri, sikatai. Ila inataka jua, na inataka siku, na kwanza kabisa inataka ng'ombe aliyekufa. Mama mkwe na mgongo wake mbovu alikwenda bondeni akarudi jua likiwa limepinda, na ngozi kichwani ikimchuruzikia usoni. Mzee alifunga gurudumu lile mpaka jioni, kwa makini, akiimba. Tulilala palepale. Kulipokucha akaligeuza gurudumu juani, akaketi kando yake kama mtu anayengoja mkate uive. Magurudumu manne ya chuma yalikuwa pale, mazima, yenye pumzi. Kazi ya kuyafunga isingefika saa moja.

Jua lilipopanda likaja lori kutoka Iringa. Dereva alisimama, maana nyakati zile ulikuwa huwezi kumpita mtu aliyeharibikiwa. Alisikia lafudhi yangu nilipomsalimia kutoka nyuma ya kichuguu, akacheka, akanisalimia Kihehe kama ndugu.

"Kamwene, mnyalukolo! Unafanya nini huko, unataga?"

Nilimwambia mimi ni nani, na kwetu ni wapi. Akaacha kucheka. Alikuwa anamfahamu kaka yangu.

"Juzi nimemwacha pale Kihesa," alisema. "Alikuwa anaulizia mbao."

Hakusema mbao za nini. Kaka yangu hakuwa akijenga.

Lori lile lilikuwa linakwenda Mbeya, halikuwa na msaada kwangu. Lakini baada yake, mchana uleule, likaja la pili likielekea Iringa, na mbele kwa dereva kulikuwa na nafasi. Mama mkwe alimweleza dereva shida yangu, akakubali. Nikanyoosha mikono nipewe mtoto, aliyekuwa amekaa kwa babu yake kivulini, mbele ya gari.

"Mwambie," baba mkwe alisema, "mkamwana wangu hatapanda gari la mtu mwingine mbele ya gari langu. Na mtoto amelala."

Mtoto hakuwa amelala. Nilikuwa nikisikia honi.

Dereva aliangalia upande wa mzee, akaangalia kichuguu changu, akasema mambo ya ukweni yeye hayaingilii. Akaondoka. Ningeweza kupanda bila mtoto. Niliwaza hivyo, lori lilipokuwa bado linabadilisha gia. Lakini mama hakuhitaji kuniona mimi, alikuwa ameniona vya kutosha. Nilichotaka kumpelekea kilikuwa mapajani mwa mzee yule.

Nilikaa nyuma ya kichuguu nikisikiliza lori likiisha. Kisha nikasimama. Nikaivuta kanga kutoka kichwani nikaifunga kiunoni, kama mtu anayekwenda shamba, nikazunguka kichuguu, nikaenda mpaka mbele yake nikasimama.

Miaka yote nilidhani uso ule ni wa kutisha. Alikuwa mzee mfupi, mwenye mashavu yaliyoingia ndani na jicho moja lililokuwa likitoa machozi kwa vumbi. Alifanana na mume wangu, ila yeye alikuwa amekazwa zaidi.

"Baba," nilisema, "kaka yangu anatafuta mbao za jeneza la mama. Magurudumu ya chuma yapo. Yafunge."

Mama mkwe alipiga kelele kama aliyemwona nyoka, akaja mbio akanifunika kanga yake, akawa ananisukuma kichwa chini huku akilia. Nikaitupa ile kanga. Baba mkwe alikuwa amefumba macho. Alifumba kwa nguvu, kama mtoto anayepakwa dawa, na mikono yake ikamkumbatia mjukuu. Sikuondoka. Nilitaka ajue kwamba akifumbua atanikuta.

"Mke wangu," alisema mwishoni, macho yakiwa bado yamefumbwa, "mwambie mwenye sauti hiyo kwamba nimesikia."

Nilirudi nyuma ya kichuguu. Nikamsikia anatoa jeki, anatoa spana. Nilidhani angelibadilisha lile moja lililoharibika, lakini aliyafungua yote manne, kwa kuwa gari haliwezi kuwa na kiatu mguu huu na ndala mguu ule, ndivyo alivyomwambia mkewe. Hakuimba. Alipomaliza aliyaegemeza yale ya mti kwenye mti wa mpingo kando ya barabara, moja moja, akayafuta vumbi kwa kitambaa chake cha mfukoni. Mama mkwe aliyalilia. Mgongo wake ulikuwa umekunjwa na magurudumu yale, na aliyalilia kama watu.

Tuliyaacha hapo, tukaenda kwa kasi ambayo sikujua kama gari lile linayo. Mito tuliipita bila kusimama. Makambako, Sao Hill, miti na ukungu, tukateremka, tukaingia Iringa, tukafika Kalenga, na hakuna kilicholia isipokuwa injini. Nyuma ya blanketi nilikuwa nacheka peke yangu. Nilikuwa nimeshinda. Sioni haya kusema kwamba nilijisikia mkubwa.

Na nilimkuta. Macho yalikuwa wazi. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani nje, hata hakuna aliyejisumbua kuzificha, na mama alikuwa amelala akiwa ameelekezwa mlangoni.

"Umechelewa," alisema. "Kama kawaida yako."

"Gari liliharibika, mama."

"Na huyu?"

"Mjukuu wako."

Alimtazama sana. "Pua si yetu," alisema. Kisha akaushika mguu wa mtoto, akaushikilia, na mtoto akamwachia. Kila alipoamka aliupapasa ule mguu, na alipoukuta alitulia. Niliyataka hayo na niliyapata, na mpaka leo hakuna anayeweza kuninyang'anya hayo.

Aliishi mpaka Jumapili.

Baba mkwe alipewa chumba na kaka yangu palepale Kalenga, akakaa kama mgeni mwema. Alisalimia wazee, alikula alichopewa, alitoa sanda. Kaburini aliimba kwa sauti nzuri kuliko wote, watu wakaniambia nina bahati ya ukwe. Mimi nilikuwa nimerudia kujifunika na kuruka vichakani kama zamani, tena kwa bidii, nikidhani ya njiani yamezikwa njiani. Hata mama mkwe hakunisema. Ningejua hapo kwamba kuna jambo. Mama mkwe alikuwa haachi kusema ila kwa sababu.

Siku ya kufua nguo za marehemu nilikwenda kisimani na wanawake. Baba mkwe alichagua saa hiyo. Alimwita kaka yangu pembeni, akamwambia kwa adabu kwamba dada yake amemvunjia heshima barabarani mchana kweupe, kwa hiyo anamrudisha kwao. Ng'ombe wa mahari hawadai. Wabaki. Mtoto ni wa ng'ombe hao, kwa hiyo mtoto anaondoka naye.

Kaka yangu aliinamisha kichwa kwa muda. Najua alichokuwa akikifikiria. Kilikuwa na pembe.

"Mtoto ni wenu, mzee," alisema. Maneno hayo alinieleza yeye mwenyewe baadaye, kana kwamba nitamsifu.

Nilisikia injini nikiwa na shuka la mama mkononi. Sikukimbilia nyumbani. Nilikimbilia mtoni, chini ya kijiji, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umezoea. Gari lile likifika kwenye maji husimama. Mzee huketi kivulini, vijiti vinakunywa, na mtu mwenye miguu mizuri ana muda wa kutosha kulifikia. Nilikuwa na miguu mizuri. Nilipita kwenye mashamba ya watu nikikata kona, nikafika kivukoni bila hata kanga.

Hapakuwa na kitu. Alama za matairi zilikuwa zimepanda ng'ambo ya pili, maji yakiwa bado hayajakauka juu yake. Magurudumu yale hayakuwa na haja ya maji. Mimi ndiye niliyeyadai.

Kaka alisema tungoje wazee wakae. Wazee wakakaa, wakanywa pombe ya ulanzi, wakasema ni jambo zito, wakaondoka. Nikampelekea mume wangu salamu kwa dereva, naye akanirudishia kwa dereva huyohuyo: baba amesema tungoje. Mvua zikafunga barabara. Nilikaa kwenye nyumba ya mama, na maziwa ya ng'ombe wale nikaletewa, nikayamwaga nje mbele ya wifi yangu.

Barabara ilipofunguka nilipanda basi kwenda Mbeya. Hakuna aliyenikataza, nadhani hakuna aliyejali. Nilifika uani mchana. Mama mkwe alikuwa anapeta mchele, akaniona, akaendelea kupeta. Mlango wa nyumba ukafunguka, nikaviona vile viatu, na kando yake miguu midogo niliyoijua.

Mwili ulifanya wenyewe. Nilivuta kanga usoni, nikageukia uzio, nikachuchumaa, nikangoja apite. Hakupita. Viatu vilikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu vikasimama.

"Inuka, mama," alisema. "Kwa nini ukae chini namna hiyo? Hujambo?"

Niliinuka. Alinitazama usoni, kwa utulivu, macho yote mawili, kama anavyotazamwa mwanamke yeyote aliyeshuka kwenye basi.

"Poleni na safari," alisema. "Iringa hawajambo?"

"Hawajambo," nilisema.

Mtoto alikuwa amejificha nyuma ya mguu wake, ameshika kidole chake, ananichungulia. Alikuwa amerefuka. Nilimwita kwa jina. Alizidi kurudi nyuma.

"Usiogope," babu yake alimwambia. "Msalimie mgeni."

"Shikamoo," alisema mtoto.

"Marahaba," nilisema, na mama mkwe akaingia ndani kunitafutia kiti.